Mtani Wetu Mkaguzi

Ukitaka kujiunga na kikundi chetu, lazima kwanza uibiwe. Hilo halimo kwenye katiba tuliyoipeleka kwa mlezi wa wanafunzi, maana mlezi wa wanafunzi ana shinikizo la damu, lakini kila mwanachama analijua. Unakuja Jumatano baada ya vipindi, unasimama katikati ya uwanja nyuma ya mabanda ya mifugo ya chuo, mkoba ukiwa wazi begani, na unasubiri. Mkaguzi anakuja kwa mwendo wake wa ofisa aliyechelewa kwa makusudi. Anaingiza pua mkobani, anapekua, anachukua anachokipenda. Huruhusiwi kununa. Unachoruhusiwa ni kumtukana, tena kwa tusi ambalo halijawahi kutumiwa na mtu mwingine.

Mkaguzi ni punda. Ni wa kijivu, tumbo kubwa, na sikio la kushoto lina pengo ambalo hakuna anayekumbuka alilipata wapi.

Jumatano moja aliyekuwa anaibiwa ni Tekla, msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Songea, mpole, mwenye miwani na sketi iliyopigwa pasi mpaka ikakata tamaa. Mkaguzi aliipita chupa yake ya maji, akaipita kanga iliyokunjwa, akatoka na kichala kizima cha zabibu alichokuwa amekinunua stendi asubuhi ile.

"Mtukane!" tukapiga kelele.

Tekla akamgeukia Mkaguzi. "Wewe... wewe huna adabu."

"Hilo si tusi, hiyo ni ripoti ya tabia!" akasema Malogo. Malogo ni katibu wetu, Mgogo wa Mpwapwa, kijana anayeamini kwamba mdomo wake ni mali ya taifa. "Dada, umeibiwa! Mtu kala zabibu zako mbele ya macho yako! Tafuta neno!"

Tekla akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Wewe punda," akasema kwa sauti ndogo ya kanisani, "siku ukifa tutayashona masikio yako tupate ungo, na ungo wenyewe utatuibia unga."

Tulishangilia mpaka kuku wa banda la pili wakaamka. Malogo alijitupa chini kama aliyepigwa risasi. Mkaguzi, huku akitafuna, aligeuza sikio lake zima upande wa Tekla, na hivyo ndivyo anavyotia sahihi.

Tusidharauliwe. Kikundi cha Watu na Wanyama kina mambo ya kisomi ya kutosha. Tunakwenda mnada wa ng'ombe na kukaa kimya tangu asubuhi, kisha tunarudi kubishana kuhusu tulichokiona. Tunahesabu korongo wa jalalani. Mara moja kwa mwezi asiyekula nyama anampikia anayekula, na mwezi unaofuata wanabadilishana, wala hakuna anayeruhusiwa kuacha chakula sahanini. Tumewaalika wachinjaji, mapadri, masheikh na wafugaji wa nyuki tukawauliza kama wamewahi kumwomba mnyama msamaha. Lakini Jumatano ni ya Mkaguzi, na wazo lilikuwa la Malogo. Alisema watu wa vitabu wanagombana kama mnyama ni mali yetu, ni mtoto wetu, au ni raia mwenzetu, ilhali kwetu ipo nafasi nyingine na imekaa wazi miaka yote. Mtani. Mtani si mali yako wala si mtoto wako. Anachukua kitu chako na huna pa kumshitaki. Unamwambia utamzika amesimama na hana pa kukushitaki. Mnakuwa sawa bila kufanana. Mimi kama Mnyamwezi, ambaye nimeshatukanwa na Wagogo tangu nishuke kwenye treni, nililielewa wazo hilo mara moja.

Wakati Tekla anapongezwa, mkono wangu ukachoma.

Mimi ndiye Msemaji wa Mkaguzi. Tangu Sheria ya Usemaji ipitishwe, kila mnyama wa kazi huvaa kidani shingoni, na lazima awepo binadamu mmoja anayevaa bangili inayofuatana nacho. Kidani kinasoma damu, moyo na mishipa ya fahamu. Bangili inamwonjesha Msemaji. Haileti maneno. Punda hana maneno, na wale waliotuahidi wanyama watakaozungumza nasi walishafunga maduka yao. Inaleta hali tu, kwenye ngozi ya kifundo cha mkono. Njaa hutekenya. Woga ni baridi. Furaha ya Mkaguzi ni kama mtu anayekugonga-gonga kwa kidole, akikuita ugeuke. Maumivu ni moto, na miezi ile nilishazoea moto mdogo, wa jiko linalokaribia kuzimika.

Huu haukuwa mdogo. Nilijikuta nimeushika mkono na kuinama. Nikamtazama Mkaguzi. Alikuwa anamalizia zabibu za Tekla, macho nusu yamefumba kwa utamu, na mguu wa mbele ameukanyaga kwa ncha tu. Kidole kilikuwa kinanigonga palepale kwenye moto: geuka, geuka, umeona nilichoiba?

*

Dakta Nakijwa alimaliza kumpima, akanawa mikono, akanipa kiti na chai ya maziwa kabla hajaniambia lolote. Ni Mpare wa Same, mtu mzima, mkavu wa maneno, na alikuwa mmoja wa waliokibuni kidani enzi za ujana wake. Akikupa chai kabla ya habari, jiandae.

"Kwato za mbele zinaachana na mfupa," akasema. "Na figo zake hazibebi tena dawa za maumivu. Nikimpa dawa namuua kwa upande mwingine. Ni mzee sana, Nyamizi. Huyu alikuwa anavuta maji ya chuo hiki kabla ya mabomba, wewe hujazaliwa."

"Basi tufanye nini, Daktari?"

"Kuna utuvu."

Nilikuwa nimeusoma darasani. Kidani hakisomi tu. Kinaweza pia kutuma mkondo mdogo wa umeme kwenye mshipa mkuu wa fahamu wa shingoni, na mkondo huo unaufunga mlango ambao maumivu hupitia kwenda kichwani. Tunautumia kwa ng'ombe anayezaa kwa shida, au mbuzi aliyevunjika.

"Huo mlango ni wa maumivu peke yake?" nikauliza.

"Hapana," akasema. Sifa moja ya Dakta Nakijwa ni kwamba hakupaki asali. "Ni mlango mmoja wanaoupitia wengi. Hamu nayo hupita pale. Udadisi. Ukiuwasha kwa saa chache, anarudi kama alivyokuwa. Ukiuacha umewaka moja kwa moja, baada ya majuma kadhaa mishipa inasahau njia, wala hata ukizima harudi. Atamalizia siku zake bila kuumwa. Miezi miwili, labda mitatu. Bila utuvu ni miezi hiyohiyo, akiumwa zaidi kila juma. Mimi sina ruhusa ya kuuacha umewaka. Sheria inataka sauti yako wewe."

"Tujaribu kidogo kwanza."

Aliuwasha pale pale, nje ya zahanati. Mkono wangu ukapoa kama nimeuchovya mtungini, na nakiri nilipumua kwa sauti. Mkaguzi akaukanyaga mguu wake wote chini. Akasimama sawasawa kwa miguu minne, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho nililiona, akashusha kichwa, macho yakawa laini. Alikuwa mzuri kweli. Nikafurahi kama mjinga, nikafungua mkoba wangu wenye karanga za kukaanga, nikausogeza puani pake.

Akanusa. Alinusa kama mgeni aliyekwisha kula kwao, anayegusa sahani kwa heshima. Kisha akageuza kichwa taratibu akatazama ukuta.

"Mwizi wewe," nikamwambia. "Mwizi mkubwa, masikio kama kobazi. Chukua."

Sikio halikugeuka. Kwenye mkono wangu hakukuwa na kidole, hakukuwa na chochote. Nikaanza kulia mbele ya daktari wangu, na makamasi juu.

Dakta Nakijwa akanipa kitambaa. "Unamlilia punda, mwanangu," akauliza, "au unajililia wewe?"

Nilimkasirikia, hasa kwa sababu swali lilikuwa zuri.

*

Kikundi kilikutana kwenye kibanda cha kukamulia zabibu, nami nikawaeleza yote. Malogo hakungoja nimalize.

"Huko ni kumzika akiwa anapumua," akasema. "Mimi babu yangu aliumwa mgongo miaka kumi na alikuwa anatuchapa na fimbo kila siku na tulimpenda. Mngemfanya akae kimya anatazama ukuta, mngekuwa mmetufanyia wema sisi, si yeye."

"Babu yako alikuwa anaweza kusema inauma kiasi gani," akasema Tekla.

Wote tukamgeukia. Hakuwa ametimiza hata juma kikundini.

"Samahani," akaendelea, "lakini nyinyi mnamtaka aendelee kuiba kwa sababu kuibiwa kunawafurahisha. Anawalipia burudani kwa miguu yake. Huo bado ni utani? Mtani wangu akiumwa hivyo na mimi nina dawa mfukoni, nikamnyima ili aendelee kunichekesha, nitakuwa mtani wa aina gani?"

Nilimchukia Tekla kwa muda wa kama pumzi mbili, kisha nikampenda moja kwa moja, na mpaka leo ni hivyo.

"Tumuulize mwenyewe," nikasema.

Kumuuliza punda si uchawi, ni ufundi. Tuliligawa zizi lake kwa ukuta wa mabanzi, tukaacha milango miwili isiyofungwa. Nyuma ya mlango uliopakwa chokaa kulikuwa na chumba chenye kivuli, maji na nyasi, na pale kidani kilikuwa kinawasha utuvu mara akivuka kizingiti. Mlango mwingine ulitokea uwanjani, kwetu, na akiuvuka huo kidani kinazima. Nyasi na maji tuliweka sawa pande zote. Anaingia, anatoka, anajifunza kwa mwili wake kila mlango unampa nini. Punda hujifunza haraka kuliko tunavyopenda kukubali. Sisi tungetazama anakokwenda, na jibu lake ningelipeleka kwa Dakta Nakijwa kama sauti yangu. Niliapa hivyo mbele ya wanachama wote. Tukapiga makofi, tukajiona wanasayansi.

Siku za mwanzo alituchagua sisi. Asubuhi hadi jioni alikuwa uwanjani, na mimi mkono unawaka huku moyo umejaa. Nikamwita Dakta Nakijwa aje kushuhudia ushindi.

Akasimama kwenye uzio, mikono mifukoni mwa koti, akatazama. Malogo alikuwa anapita na ndoo. "Wewe mzee mla rushwa!" akamwambia Mkaguzi akipita. Msichana mwingine, akielekea maktaba: "Bado hujafa tu? Tumeshanunua sanda!" Mimi mwenyewe, nikienda kumpokea daktari, nilikuwa nimemwambia kwamba hata chawa wake wameomba uhamisho. Kila mara sikio lilizunguka, na Mkaguzi akaburura miguu yake mibovu kumfuata aliyesema.

"Huu ni uchunguzi?" akauliza Dakta Nakijwa.

"Ndiyo, Daktari. Na amechagua..."

"Mnafanya kampeni ndani ya kituo cha kura."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona hacheki.

"Mnamwita kutwa nzima," akasema. "Kila anayepita anamwita. Yeye amezoea kuitika, na nyinyi mnahesabu kuitika kwake kama kura."

Ikabidi tujifunze kunyamaza. Sijui kama umewahi kuona watani wakinyamaza. Ni kama kumzuia mtu kupiga chafya. Tulikubaliana kwamba tutakuja uwanjani saa ya chai, kama kawaida, tutakaa kwenye magogo na mikoba yetu, lakini hakuna atakayemwita, kumpigia mluzi, wala kumtukana. Malogo alijifunga skafu mdomoni. Siku ya kwanza alitoka machozi. Mara moja Mkaguzi alikuja akampiga pajani kwa pua, akasubiri tusi, akampiga tena, na Malogo akajikunja kwa mikono miwili huku mabega yanatikisika. Ilikuwa kichekesho na ilikuwa inauma, nami sikujua nicheke au nimfungue ile skafu.

Lakini sasa tulianza kumsikia kweli.

*

Alichokifanya hakikuwa kile nilichokitaka, wala kile ambacho Tekla alikitegemea. Asubuhi, wakati uwanja mtupu, alivuka mlango wa chokaa akakaa kwenye kivuli chake, na mkono wangu ukapoa darasani. Saa ya chai ilipofika, mikoba ikaja, alitoka. Hakuna aliyemwita. Alisimama kizingitini, akaonekana kama anayefikiri, kisha akavuka. Moto ulinirukia, naye akaja, mguu kwa mguu, akapekua mkoba mmoja, akaiba kitu kimoja, andazi au kipande cha muwa, akatuzunguka wote kwa macho. Halafu akarudi ndani.

Alikuwa amejipangia mwenyewe. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Nilimweleza mama yangu kwa simu mpaka akaniuliza kama huyo Mkaguzi ana wazazi na wanakaa wapi. Nilifikiri tumepata jibu zuri kuliko maswali yetu: apewe milango yake miwili mpaka mwisho, achague mwenyewe kila siku, na mimi nisiseme chochote kamwe.

"Haiwezekani," Dakta Nakijwa akaniambia. Tulikuwa zahanati kwake. Chai ilikuwa mezani, kwa hiyo nilishajua. Alinionyesha mchoro wa moyo wa Mkaguzi kwenye kioo. Kila akivuka kizingiti kutoka kwenye utuvu, maumivu yote yalikuwa yanaurudia mwili kwa mkupuo mmoja, na moyo wake ulikuwa unaruka kama unaoamshwa kwa kumwagiwa maji. "Moyo wa mzee hauwezi kuamshwa hivi kila siku. Utasimama mlangoni pale siku moja, katikati ya moto. Hicho ndicho kifo ambacho simtakii. Itabidi umchagulie upande mmoja, ubaki huo."

"Yeye ameshachagua yote mawili."

"Najua. Na nimempenda kwa hilo, usinifikirie vibaya. Kidani hiki nimekitengeneza mimi, na sikujua mnyama anaweza kukitumia kwa akili namna hiyo." Akasogeza kikombe karibu yangu. "Mpe siku chache zaidi. Mtazame vizuri. Wanyama wengi hutuambia, tatizo ni kwamba wakituambia tusichokitaka huwa tunauliza tena."

Nikampa hizo siku. Mvua za mwanzo zilikuwa zimeanza, ardhi ya Dodoma ikalainika, nami nikajidanganya kwamba udongo laini utamsaidia. Aliendelea kutoka saa ya chai, ila alikaa kizingitini kwa muda mrefu zaidi. Siku moja alifika kwenye gogo la kwanza tu, akaegemeza kidevu begani kwa Tekla, hakuiba kitu, akarudi. Tekla alibaki amekaa hivyohivyo, bega limeinuka, hata baada ya kengele kulia.

Halafu ikaja Jumatano.

Tulikuwa wote. Mikoba wazi, hakuna anayezungumza. Mkaguzi akaja mpaka mlangoni, akasimama, kichwa nje, miguu ndani. Kidani kilikuwa bado kinampa utuvu, lakini kichwa chake kilielekea kwetu, na mimi, sijui kama ni bangili au ni moyo wangu mwenyewe, nilihisi kitu kidogo sana mkononi, si kugongwa, ni kama mtu anayeinua kidole akasita.

Malogo alikuwa kando yangu. Akashusha skafu. "Mwite," akaninong'oneza. "Dada Nyamizi, mwite. Neno moja tu. Wewe ukimwita atakuja."

Alikuwa anasema kweli. Ndilo jambo ninalotaka ulielewe. Ningesema "mwizi" tu, hata kwa sauti ya chini, na lile sikio lenye pengo lingezunguka, na angevuka. Angekuja kwa kwato zinazoachana na mfupa, kwa moyo unaoruka, angekuja kwa sababu maisha yake yote mtu akimwita huja. Na mimi ningepata siku moja zaidi ya kuwa na mtani wangu. Tusi nilikuwa nalo, zuri, nililitunza tangu siku ya skafu. Lilikuwa limefika kwenye meno.

Nilimtazama usoni. Hakuwa na woga. Hakuwa anangoja ruhusa. Alikuwa anatutazama kama mtu aliyeshiba anavyotazama wenzake wanaocheza bao, kwa mapenzi, bila kutaka zamu.

Nikafunga mdomo. Niliufunga kwa mkono kabisa, kiganja chote, nikauma ngozi ya ndani.

Mkaguzi alikaa pale muda kidogo. Kisha akarudisha kichwa, akageuka ndani ya kivuli, tukaona mkia wake, halafu hatukuona kitu.

Malogo aliinamisha uso kwenye magoti.

Tekla alikwenda kumwita Dakta Nakijwa. Nilisikia hatua zao zikirudi kwenye tope, lakini sikugeuka. Niliinuka, nikaacha mkoba juu ya gogo, nikauvuka mlango wa chokaa kwa mara ya kwanza tangu uchunguzi uanze. Mle ndani kulikuwa na harufu ya nyasi mbichi na ya punda. Alikuwa amesimama sawasawa, miguu minne, kichwa chini, akipumua polepole. Inzi alikuwa kwenye jicho lake. Nikamfukuza, nikauweka mkono wenye bangili chini ya shingo yake, pale kidani kilipo, nikasema maneno ambayo sheria inayataka.

"Mimi ni Nyamizi, Msemaji wa Mkaguzi. Anakubali utuvu wa moja kwa moja. Amesema mwenyewe, na mimi nimemsikia."

Kidani kikatoa mlio mfupi wa kukiri. Hakuna kilichobadilika. Alikuwa vilevile, mtulivu, mzuri, na hakunijua.

Nilisimama pale bila kujua nifanye nini na kinywa changu. Tusi lilikuwa bado lipo, lakini la kumpa nani? Huwezi kumtania asiyeweza kukurudishia. Huyu sasa alikuwa mtu wa kufukuziwa inzi, wa kuogeshwa, wa kubadilishiwa nyasi chini ya miguu, na kazi hizo sikuwa nimezifanya kama mtani. Nikatambua kwamba muda wote wa wizi na makelele nilikuwa mbele ya mzee, mkubwa kuliko sisi sote tuliokuwa uwanjani, aliyewapa maji ya kunywa watu walioujenga ukuta niliouegemea. Nami sikuwahi hata siku moja kumsalimia inavyopasa.

Nikainamisha magoti kidogo, kama nyumbani.

"Shikamoo, babu."

Alipumua. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati, nyepesi. Nilibaki nimeinama, sikuweza kuinuka, kwa sababu salamu ile haijifungi yenyewe, na aliyetakiwa kuifunga alikuwa mbali.

Kisha nikasikia koti likigusa mabanzi. Dakta Nakijwa alikuwa ameingia na kusimama upande wa pili wa Mkaguzi, kiganja chake juu ya mgongo wa kijivu, na sauti yake ilipotoka haikuwa kavu hata kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akaitika kwa niaba yake. "Marahaba."